Mchezaji Akikosea Chuoni: Asionewe, Asipendelewe

Mazungumzo kwa wazazi, wanafunzi na makocha, Garsen



Kila mwaka vijana wa Garsen, Hola, Kipini, Bura na Madogo huingia vyuo vikuu. Wengine huchezea timu za chuo, ikiwemo mpira wa kikapu. Nyuma ya kila mmoja kuna mzazi aliyeuza ng'ombe au maembe ili karo ipatikane. Siku barua inapofika nyumbani kusema kijana amesimamishwa masomo kwa kupigana uwanjani, ni mali ya jamii nzima iliyo hatarini. Wazazi wengi hapo hukata tamaa, na wengine hukimbilia kutafuta mkubwa wa kuwaombea. Njia zote mbili si sawa. Sheria imeweka njia yake.

Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki na ofisi inayomfanyia uamuzi. Uamuzi ukiwa utamdhuru, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 ikafafanua hatua zenyewe. Kabla ya kuadhibiwa, mwanafunzi apewe:

1. Notisi ya mapema inayoeleza kosa analodaiwa kufanya.
2. Ushahidi utakaotumiwa dhidi yake.
3. Nafasi ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu, kujitetea na kuwahoji wanaomshtaki.
4. Sababu za uamuzi, na maelezo ya jinsi ya kukata rufaa.

Sheria hiyo pia inamruhusu kuomba kikao kiahirishwe pale ambapo haki inahitaji hivyo. Jambo hili lina uzito kwa watu wa Tana River. Mafuriko yalipokata barabara mwishoni mwa 2023 na tena 2024, kutoka nyumbani hadi Kilifi au Mombasa halikuwa jambo la siku moja. Kijana aliyezuiwa na maji asikae kimya. Aandike barua mapema, aeleze sababu, aombe tarehe nyingine na ahifadhi nakala. Asiyefika wala kuandika huenda akaamuliwa bila kusikika, na baadaye itakuwa vigumu kulalamika.

Wako watakaouliza: je, hii si njia ya kuwaficha wakorofi? Jibu liko katika kisa cha Marekani. Tarehe 25 Januari 1972, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilicheza na Ohio State mjini Minneapolis. Sekunde chache kabla ya mchezo kwisha vurugu zikazuka, na mchezaji wa Ohio State, Luke Witte, akapelekwa hospitali. Wachezaji wawili wa Minnesota, Ron Behagen na Corky Taylor, wakasimamishwa. Walikwenda mahakamani wakisema hawakusikilizwa. Mahakama haikusema hawana kosa. Ilisema wana haki ya kuelezwa mashtaka na kusikilizwa. Hata hivyo, hawakurudi kuichezea timu msimu ule. Kusikilizwa si kusamehewa.

Mahakama za Kenya nazo zimefuata mkondo huo. Kazi ya nidhamu ni ya chuo. Jaji haketi kwenye kiti cha kamati. Anachokagua ni kama utaratibu ulifuatwa. Ndiyo maana mwanafunzi hutakiwa amalize kwanza rufaa ya ndani ya chuo kabla ya kwenda mahakamani. Akimaliza na bado ana lalamiko, Mahakama Kuu ipo, na kituo kimojawapo kiko hapa Garsen. Lalamiko pia laweza kupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ni vizuri kutofautisha mambo. Kocha kumweka mchezaji benchi kwa kukosa mazoezi ni uamuzi wa timu. Kumfungia masomo ni jambo zito linalohitaji hatua zote zilizotajwa. Adhabu ikitoka kwa shirikisho la michezo la kitaifa, rufaa huenda kwa Jopo la Mizozo ya Michezo, lililoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013. Na kwa walio shule za msingi na upili, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka mtoto pamoja na mzazi wake wasikilizwe kabla ya mtoto kufukuzwa.

Lakini mizani ina pande mbili. Mchezaji hodari hana sheria yake. Msichana aliyedhulumiwa na nyota wa timu ana haki ya kusikilizwa vilevile, na asinyamazishwe kwa sababu fainali iko karibu. Ikiwa kosa ni la jinai, kama ubakaji, ni la polisi na mahakama chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Halimalizwi na kocha ofisini, wala kwa maslaha ya wazee nyumbani.

Wazee wa Gasa na wa Matadeda wanajua: barazani, mlalamikaji husema, na anayelalamikiwa husema, ndipo neno likatwe. Chuo kikuu hakidaiwi zaidi ya hapo.

Basi barua ikifika, isomwe hadi mwisho, tarehe ya kikao iandikwe ukutani, na kijana ajibu kwa maandishi na kwa ukweli. Kama alikosea, akiri na aombe nafasi ya kujirekebisha. Kama hakukosea, apeleke mashahidi wake. Na mzazi, badala ya kutafuta mkubwa wa kupiga simu, aandamane na mwanawe akaulize utaratibu.