Mtungi wa Baridi na Kifaru

Ndugu wanavikundi, nyote mnamjua mtaalamu anayekuja na mtungi wa mbegu baridi kupandisha ng'ombe. Kazi hiyo sasa inajaribiwa kwa kifaru.

Huko Ol Pejeta, Laikipia, wamebaki vifaru weupe wa kaskazini wawili tu duniani: Najin na bintiye Fatu. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Na majike hawa hawawezi kubeba mimba. Basi mwaka 2019 wataalamu walianza kuwatoa mayai. Yanapelekwa Italia kwa ndege, yanaunganishwa na mbegu za madume waliokwisha kufa (ndiyo, waliokufa!), kisha yanagandishwa. Atakayebeba ni kifaru wa kusini. Mwaka 2023 walimpandikiza mmoja mimba ya kusini, kwa kujaribu. Ikashika, lakini mama akafa kwa bakteria, mimba ikiwa ya siku 70.

Sisi tunaona hiyo ni gharama ya kuchelewa. Hapa kwetu Saiwa, mbuga iliyotengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yaani sitatunga, wanyama hawa bado wanazaa wenyewe mateténi. Wanachotaka ni maji. Wenye mashamba kule juu, tubaki kidogo tuongee habari ya kulima mpaka ukingoni.