Kuchaji Gari la Umeme Nyumbani

Mwenye gari la umeme hulichomeka jioni, asubuhi akalikuta limejaa. Soketi ya kawaida ya pini tatu, ya ampea 13, huchaji polepole: betri tupu ya kilowati-saa 24 huchukua karibu usiku mzima. Birika la umeme huvuta umeme wa kiasi hicho kwa dakika chache tu. Gari hukesha likiuvuta. Ndiyo maana waya mwembamba au ekstensheni hupata moto hadi kuyeyuka, watu wamelala. Kabla ya kuchaji nyumbani, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA akague nyaya na kuvuta laini ya gari pekee. Plagi ikichoma mkono, zima swichi mara moja.