Mji Uliofufuliwa na Soko Lake



Leo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi, nami nimeagizwa niseme machache juu ya soko. Kwa kuwa hivi punde tutaamua kama tuliuze ghala letu la zamani ama tulitengeneze, naomba niwaeleze habari za Altrincham, mji mdogo wa Uingereza ulio kiasi cha maili 8 kutoka Manchester.

Mji huo ulipata hati yake mwaka 1290, ukawa mji wa soko. Mwaka 1765 ukafikiwa na mfereji wa Bridgewater, na wakulima wa mboga waliouzunguka wakapata njia nyepesi ya kupeleka mazao Manchester. Mwaka 1849 ikaja reli, na matajiri wa Manchester wakajenga nyumba zao huko. Mwaka 1879 likajengwa jumba la soko. Basi, kila njia mpya iliwaletea wenyeji wanunuzi.

Lakini njia iletayo mnunuzi ndiyo pia impelekayo kwingine. Mwaka 1998 yalifunguliwa maduka makubwa ya Trafford Centre, maili chache tu kutoka hapo. Watu wakapanda magari wakaenda huko. Kufikia mwaka 2010, karibu theluthi moja ya maduka ya katikati ya mji yalikuwa yamefungwa, na magazeti yakauita mji wa mizimu.

Je, walifanya nini? Hawakujaribu kushindana na yale makubwa kwa ukubwa. Jumba lile la kale halikubomolewa, bali lilitengenezwa, likafunguliwa upya mwaka 2014. Kandokando waliwekwa wapishi na wauzaji wadogo wenye kazi zao wenyewe. Katikati zikapangwa meza ndefu, mgeni na mwenyeji waketi pamoja. Watu wakarudi sokoni, na walipotoka wakapita madukani. Mwaka 2018 mji ukatunukiwa tuzo miongoni mwa barabara bora za maduka.

Ndugu Wanachama, wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Bei tuliyoahidiwa kwa ghala letu ni nono, lakini fedha hugawanywa mara moja zikaisha, na mahali petu karibu na kituo cha mabasi hatutapapata tena. Hata hivyo, kulitengeneza peke yake hakutoshi. Hapana budi tukubaliane tangu leo nani atapewa meza, kwa kodi gani, na nani atakagua hesabu. La sivyo tutawajengea wachuuzi wakubwa, na mkulima atabaki nje ya mlango akiwa na kapu lake.

Yafaa kila mmoja apige kura akiyafikiri hayo.