Mifuko ijazwe kabla Tana haijafika mlangoni

Ndugu zangu wa Garissa na Madogo.

Wazee wanakumbuka El Nino ya 1997. Vijana mna 2018, mna Novemba 2023, mna Aprili 2024, barabara ilipokatika pale Kona Punda watu wakawa wanavuka kwa boti. Boti moja ikapinduka, watu wakafa. Na kila mara Bakuyu na Ziwani ni wa kwanza kuhama. Mara nyingi si mvua ya hapa inayotuzamisha. Inanyesha milimani, Masinga inajaa, Kiambere inajaa, maji yanateremka kwetu jua likiwaka. Maana yake tunapata siku za kujipanga, na siku hizo tunazipoteza.

Sasa magunia. Usilete lile la kilo 90, nani atalibeba? Mfuko wa mchele wa kilo 25 unatosha. Tia mchanga nusu au zaidi kidogo. Ukiujaza pomoni na kuufunga kamba, unakuwa kama mpira, haukai, maji yanapita katikati. Kunja mdomo uingie chini yake. Panga kama matofali, wa juu ukalie kiungo cha miwili ya chini, kisha kanyaga kwa miguu. Ukuta ukifika goti, kitako kiwe mara tatu ya kimo hicho. Upande wa maji tandika karatasi ya nailoni. Mita 30 kwa kimo cha sentimita 30 tu zinakula mifuko kama 600. Hesabu mwenyewe mikokoteni ya punda.

Kwa hivyo tusidanganyane, mifuko haitazuia Tana isiingie bulla. Itakinga zahanati, stoo ya chakula, pampu ya maji. Mama mwenye watoto asilale nyuma ya ukuta huo eti yuko salama. Ahamie juu mapema.

Mtu mmoja asinunue mifuko 600 kwa mfuko wake. Kaunti tuiulize leo, mto ukiwa chini: mifuko iko mingapi, iko wapi, na ufunguo wa stoo anao nani siku ya Jumapili? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali. Barua iko hapa mezani. Tieni sahihi kabla hamjatoka, na wapangaji pia, si wenye nyumba peke yao.