Jicho la Angani na Macho Yetu

Akina mama, akina baba na vijana wa vikundi vya Meru na Embu, wengi wetu huuliza: hii droni ikipita juu ya msitu, inatutafuta sisi?

Tukumbuke mwaka 1999. Shirika la Wanyamapori, KWS, lilikagua msitu wa Mlima Kenya kwa ndege. Waliokuwa juu waliona tanuri za makaa, mashamba ya bangi na maelfu ya miti ya kamfa imekatwa. Mwaka 2000 msitu ukawekwa chini ya KWS. Na mito yetu si hutoka huko?

Lakini jicho la angani halioni yote. Ndovu wa Imenti akisimama chini ya majani mazito, droni humpita tu. Ndiyo maana wataalamu huingia msituni kwa miguu, wakahesabu kinyesi chake. Na nani anazijua njia za ndovu kama yule aliyeliwa mahindi?

Basi tusikae kando. Sheria ya Misitu ya 2016 inaturuhusu kushiriki ulinzi kupitia chama cha msitu. Kila kikundi kiwe na daftari: tarehe, mahali, nyayo, kinyesi, shamba lililoharibiwa. Daftari hilo litatusaidia hata tukidai fidia. Siku droni ikija, nasi tuwe na la kusema.