Mbuzi wa Ntheo na Cheti cha Ndoa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka, Wamunyu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya ndoa. Twajua ni jambo zito kwa karani kunena habari hizo mbele ya wazee walioozesha wana na wajukuu. Lakini kazi yetu ni kuwaandikia watu barua, na katika barua hizo tumeona mashaka yasiyofika barazani. Basi twaomba radhi kwanza, ndipo tuseme.

Wazee wetu hawakuozesha kwa siri. Wazazi wa kijana walitafuta nyumba yenye sifa njema, wakatuma wajumbe; mbuzi wa ntheo wakapelekwa, na jamaa wa pande mbili wakala pamoja. Tangu siku ile msichana alijulikana kuwa ni mke wa fulani. Mtu mwenye mali aliweza kuoa wa pili na wa tatu, kila mke na nyumba yake na shamba lake. Tena mama asiyejaliwa mtoto aliweza kutoa mali akaoa iweto, na watoto wa iweto wakahesabiwa kuwa wa nyumba ya mama yule. Wageni walistaajabu, lakini shabaha ilikuwa wazi: nyumba isife.

Hata hivyo tusisifu tu. Walikuwako wasichana waliopelekwa kwa waume wasiowataka. Mbuzi walihesabiwa, wao wenyewe hawakuulizwa. Misheni nayo ilifundisha mke mmoja, na wengi wetu tulilelewa katika mafundisho hayo. Lakini wako walioitikia kanisani na kufanya mengine gizani, na mwenye kuoa gizani amewaacha wazee wake, tena amemwacha na padre.

Nasi watu wa Wamunyu tuna sababu ya kulifikiri jambo hili. Tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka katika Vita Kuu ya Kwanza na ufundi wa kuchonga vinyago, vijana wetu wamekwenda kuuza kazi zao Nairobi na Mombasa, na wengine hukaa Changamwe miaka mingi. Huko Pwani hukuta desturi nyingine. Kwetu mali hupewa wazazi wa binti; kwa Waislamu mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, na mume aruhusiwa wake hata wanne kwa sharti la kuwafanyia uadilifu. Desturi ni mbalimbali, lakini huko nako ndoa hufungwa mbele ya mashahidi.

Tutatoa mfano mmoja bila kutaja jina. Mchongaji mmoja alifariki mjini. Maiti yake ilipoletwa nyumbani, ilifuatana na mwanamke mwenye watoto wawili, ambaye mke wa nyumbani hakupata kumsikia. Yule wa mjini naye hakujua kwamba kuna mwenziwe. Mke wa nyumbani hakuwa na karatasi hata moja, na wazee walioshuhudia mbuzi wake walikwisha kufa wote. Tulipokaa kumwandikia maombi yake alituuliza, "Wanangu, miaka 26 nimelima shamba hili, leo nithibitishe kwamba niliolewa?" Hatukuwa na jibu.

Sheria ya Ndoa ya 2014 yakubali ndoa ya kimila na ya Kiislamu kuwa na wake zaidi ya mmoja. Ya Kikristo na ya serikali ni mke mmoja tu. Machi ya mwaka ule wabunge wanawake walitoka nje ya Bunge kwa hasira, kwa kuwa kifungu kilichompa mke sauti kabla ya mumewe kuoa mwingine kiliondolewa. Lakini sheria hiyo yataka hiari ya wote wawili na umri wa miaka 18. Yataka pia ndoa ya kimila ipelekwe kwa Msajili katika miezi 3, na cheti kiombwe katika miezi 6. Tena mali haina haja kumalizika. Sehemu ndogo iliyotolewa yatosha kuwa ushahidi.

Sheria ya Urithi nayo, iliyoanza kutumika 1981, hugawa mali ya mwenye wake wengi kwa nyumba, kwa hesabu ya watoto, na mjane huongezwa katika hesabu hiyo. Basi nyumba isiyoweza kuthibitishwa yaweza kukosa fungu lake.

Kwa hiyo twatoa maombi matatu. Kwanza, binti aulizwe, na jibu lake lisikiwe. Pili, anayetaka kuoa mwingine amwambie mkewe angali hai, asimwachie jeneza kazi ya kusema. Tatu, chama kitenge siku moja kila mwezi, na sisi makarani tutawaandikia watu fomu zao bila malipo, tukianza na akina mama wazee.

Hatusemi mbuzi wa ntheo waachwe. Twasema cheti kiwafuate.