Giza Lililotufunza Shukrani



Mwezi Desemba 2009, njia ya umeme ipitayo chini ya bahari, iliyokuwa ikikipatia kisiwa cha Unguja nguvu kutoka bara tangu mwaka 1980, iliharibika. Kisiwa kizima kikaingia gizani, na giza hilo likadumu takriban miezi 3, hata Machi 2010. Ilikuwa mara ya pili, kwani Mei na Juni 2008 watu wale wale walikuwa wamekwisha kukaa wiki kadhaa bila umeme.

Mtu angedhani kwamba kilichokosekana ni taa. La hasha! Kilichowaelemea wengi zaidi ni maji. Pampu huendeshwa kwa umeme. Ziliposimama, mifereji ilikauka, na wanawake na watoto wakashika ndoo na madumu kutafuta visima. Barafu ya samaki ikawa adimu. Ndipo ilipobainika kuwa umeme ni mtumishi asiyeonekana: tulimjua kwa jina la taa, kumbe ndiye pia aliyekuwa akituteka maji.

Basi, ndugu zangu, kushukuru ni kutambua tulichokuwa tukihudumiwa pasipo kuona. Lakini shukrani haiishii hapo. Siku zile wenye uwezo waliwasha majenereta. Nyumba moja iling'aa, na moshi wake na ngurumo zake vikaingia dirishani kwa jirani aliyeketi gizani. Hapa kila mmoja wetu na ajiulize: je, neema niliyopewa humfikia jirani yangu kama maji, au humfikia kama moshi? Mwenye pampu inayofanya kazi anaweza kumfungulia jirani mlango ajaze ndoo yake. Hilo halimpunguzii kitu kikubwa, bali kwa jirani ni siku nzima ya taabu iliyookolewa.

Umeme ulirudi, na mwaka 2013 njia mpya yenye nguvu zaidi ikakamilika. Furaha ya usiku wa kwanza haihitaji kufundishwa. Kazi ni kuilinda shukrani hiyo siku ya mia, wakati kidole kinapobonyeza swichi nasi tunawaza mambo mengine.

Tukumbuke kwamba wako wenzetu vijijini ambao giza lao halijapata tarehe ya kwisha. Huko mkunga humpokea mtoto kwa mwanga wa tochi, na mwanafunzi husoma kwa kibatari huku akivuta moshi wake. Wahenga walisema: aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Lakini aliyeonja njaa kisha akashiba, huyo atajitetea kwa neno gani?

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuziona neema zake kabla hazijaondoka, na mikono ya kuzigawa zingali zipo. Amina.